Kengele Mbili

Sauti ya mume wangu tuliirekodi ndani ya kabati la nguo. Alikuwa amesikia kwamba nguo humeza mwangwi, basi akavuta stuli, akaingiza kichwa katikati ya magauni yangu na kushika maikrofoni, nami nikakaa kitandani nikimsomea maneno. Nasema "ndiyo, baba", naye anasema "ndiyo, baba". Nasema "nipo kazini, nitakupigia", anarudia vile vile. Kila baada ya muda alitoa kichwa nje kuvuta pumzi, gauni limemkalia utosini kama mtandio, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla hajatolewa kikoromeo. Mpaka leo sijui tulikuwa tunacheka nini.

Daktari alitueleza bila kuzunguka. Saratani imekaa pale pale sauti inapotoka, kwa hiyo kikoromeo kinaondolewa chote, shingoni linabaki tundu la kupumulia, na kuongea ndiyo basi tena. Mume wangu tangu utotoni kwao walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Siku hiyo alikaa kimya kutoka hospitalini hadi nyumbani, utadhani anajizoeza. Tulipofika akasema, "Mimi na wewe tutaandikiana. Tatizo ni baba."

Baba mkwe wangu ni kipofu, na kipofu huwezi kumwandikia ujumbe. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wakati huo alikuwa akikaa na binti yake, wifi yangu, mwanamke wa kukata shauri kwanza na kutangaza baadaye. Yeye ndiye aliyekata shauri hili. "Baba asiambiwe," alisema kwenye simu. "Moyo wake mnaujua ulivyo. Mkimwambia mwanawe amekatwa koo, mtanifanya nimzike." Nikamuuliza, wifi, sasa atadanganywa nini mtoto wake akinyamaza mwaka mzima? "Si huyo mumeo ni fundi wa kompyuta?" akanijibu. "Atengeneze."

Akatengeneza.

Kazi ya Kasuku ni kutunza seva za kampuni moja. Ni kompyuta kubwa zilizofungiwa kwenye chumba cha baridi mahali ambapo hata yeye hajawahi kutia mguu, naye anazichunga kutoka kwenye meza ya sebuleni kwetu, kwa kuandika amri ndani ya dirisha jeusi analoliita terminali. Mimi ni msusi, na mambo hayo zamani niliyahesabu pamoja na uchawi. Lakini baada ya upasuaji hakuwa na wa kumpigisha soga ila mimi, na soga zake zikawa za kuandikwa, na alichokuwa nacho cha kuandika kilikuwa hicho. Basi nikajifunza, nikitaka nisitake.

"Fanksheni," aliniandikia kwenye skrini, "ni kuipa kazi jina. Unaandika jina, unaweka mabano, halafu ndani ya mabano yaliyopinda unapanga amri zako zote. Ukishamaliza, ukiita jina tu, zote zinafanyika."

Ya kwanza aliiita sema.

sema() {
    for neno in "$@"; do
        aplay -q ~/sauti/"$neno".wav
    done
}

Maana yake ni kwamba kila neno utakalolitaja baada ya sema, kompyuta italitafutia faili lake kwenye folda ya sauti na kulicheza. Akaandika sema shikamoo umekula, akabonyeza, na sebule yetu ikamsikia tena. Ilikuwa ile sauti ya kabatini, changamfu, ya mtu ambaye ametoka kucheka sasa hivi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa nikalia mpaka pua ikaziba. Niliporudi alikuwa ameshaanza kuandika ya pili.

Wifi alikuwa amemnunulia baba simu ya vitufe. Kitufe kimoja, ukikishikilia, kinampigia mwanawe, na baba hakujua kingine. Alikuwa anapiga kila siku alasiri akishapata chai yake. Simu yetu ililazwa mezani kando ya kompyuta, spika imewashwa, na vidole vya Kasuku vikaanza mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kasuku wangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Tunashukuru Mungu."

"Sauti yako siku hizi imenawiri, mwanangu. Unakula vizuri."

Tuliangaliana. Kasuku wakati huo alikuwa akila uji tu, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu juu ya shati. Akaandika sema ndiyo_baba, na kompyuta ikasema kwa furaha, "Ndiyo, baba."

Mzee alipenda maneno kuliko mwanawe. Alianza na redio yake ambayo inajizima yenyewe, akapita kwenye nyonga inayouma, akamaliza na kuku wa jirani wanaoingia ndani wakijua kabisa kwamba mwenye nyumba haoni. Na mtu anayesimulia anataka kuitikiwa. Lazima useme enhe, useme kumbe, useme haya. Ukinyamaza kidogo tu, unasikia, "Haloo? Upo?" Kwa hiyo Kasuku alikaa pale akibonyeza enhe, akibonyeza kumbe, huku kazi za watu zinamsubiri. Ndipo akaandika fanksheni aliyoiita sikiliza.

Sikiliza ilikuwa inafungua maikrofoni na kungoja. Baba akituliza maneno, inachota jibu lolote kwenye folda ya majibu, kwa bahati nasibu, na kulicheza. Halafu inangoja tena. Mwanzoni aliiacha ifanye kazi akienda kusafisha mrija wa shingoni, kazi ya kukera ambayo haingojei mtu amalize hadithi. Baadaye akaiacha akienda kuchukua maji. Mwishowe alikuwa anapokea simu, anaandika sema shikamoo, anaandika sikiliza, anavaa hedifoni zake na kugeukia skrini nyingine. Baba anamwagika nyuma yake, na kompyuta inamwitikia kwa adabu zote.

Nilimwambia hiyo ni dhambi. Nilimwambia kwa sauti, maana nyumbani kwetu mimi ndiye niliyebaki nayo. Akaniangalia, akaandika polepole ili inichome vizuri: "Na wewe wateja wako unawasikiliza?"

Alinipata. Mteja akikaa kwenye kiti changu anaanza na mumewe, anapita kwa mawifi, anamaliza na mwenye nyumba, nami mikono ipo kwenye nywele, mdomo unasema enhe, makubwa hayo, pole mama, na akili iko kwenye mboga za jioni. Hakuna aliyewahi kugundua. Wengine huniambia mimi ndiye mtu pekee anayewaelewa.

"Basi weka hata kengele," nikasema. "Siku mzee akiwa na jambo, ujue."

Hilo alilikubali. Akaandika fanksheni nyingine akaiita kengele. Baba akipaza sauti kupita kawaida yake, sikiliza inaiita kengele, nayo inawasha skrini nyekundu na kulia kwenye hedifoni mpaka meno yaume. Tukaijaribu. Alivaa hedifoni, nikasimama mlangoni nikapiga ukelele, naye akaruka juu ya kiti kama aliyekalia sindano. Jirani wa mlango wa pili akaja kuuliza kama ananipiga. Tulicheka sana siku ile, yeye kwa mabega tu, na mimi moyo wangu ukatulia.

Miezi ikaenda hivyo. Wifi alinipigia siku moja akicheka. "Sikia anachosema baba. Anasema siku hizi Kasuku amekua. Zamani ukimwambia neno anakukatiza kwa maneno kumi, siku hizi anakusikiliza mpaka unamaliza." Nilimpelekea Kasuku habari hiyo. Hakucheka. Alikaa na kompyuta yake akipangapanga mafaili ya sauti, na siku mbili tatu zilizofuata alizungumza na baba kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno. Kisha kazi ikamzidi, akarudi kwa sikiliza.

Kampuni nayo ilikuwa na shida zake. Walitaka seva ikiugua, ujumbe uende wenyewe kwa mtu wa zamu ofisini, usingoje Kasuku aamke. Aliiandika kazi hiyo mezani, sahani iko pembeni.

"Nini tena hicho?" nikamuuliza.

"Kengele ya kazini," akaandika.

Nikamwambia chakula kinapoa.

Siku yenyewe nilirudi nyumbani mapema. Umeme ulikuwa umekatika upande wa saluni, na mteja mwenye kichwa kilichosukwa nusu alikuwa amekwenda zake amejifunga kitambaa. Nilipofungua mlango nikasikia baba anaongea, nikavua viatu nikijisemea, leo maongezi yamekolea. Kisha nikasikia anachosema.

"Bado anakoroma, lakini simwelewi. Namwita haitiki. Umempigia mwenye duka?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hafiki sasa? Mwambie aje na gari."

"Haya, baba."

Kasuku alikuwa amenipa mgongo, hedifoni masikioni, ameinamia skrini ya pili. Alikuwa anaandika kwa hasira. Hatua tatu nyuma yake simu ilikuwa mezani, na baba akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia mtu mzima akiipiga.

"Kasuku! Kuna majimaji hapa chini ya kichwa chake. Ni damu au ni maji? Mimi sioni! Mimi sioni!"

"Tunashukuru Mungu," ikasema sauti ya mume wangu.

Mzee alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Umechanganyikiwa, mwanangu. Tulia. Usilie. Kama umeshampigia atakuja tu. Mimi nimemshika."

"Vizuri, baba."

Nilimng'oa Kasuku zile hedifoni kichwani, na ndani yake nikasikia mwanamume anafoka: "Inalia tena! Nimekwambia zima hiyo kengele, seva hazina kitu, unatusumbua tu!" Kasuku aligeuka amekunja uso, akaniona nilivyo, akaitazama simu.

"Baba!" nikasema. "Baba, ni mimi."

"Mkwe wangu. Afadhali. Mwambie mumeo ampigie tena mwenye duka. Dada yake ameanguka jikoni, na huyu bwana tumempigia muda mrefu hafiki. Mumeo nadhani amechanganyikiwa, ananijibu hovyo."

Mwenye duka anaishi ukuta kwa ukuta na baba. Namba yake nilikuwa nayo, wifi alinipa kwa ajili ya siku kama hiyo. Aliipokea simu kabla haijamaliza kuita mara ya kwanza. "Simu gani?" akasema. "Nipo hapa dukani tangu asubuhi, hakuna aliyenipigia." Nilimwambia akimbie. Nikasikia anaitupa simu kaunta bila kuizima, nikasikia ndala zake, nikasikia lango la baba linagongwa, yote hayo kwenye simu yangu. Kwenye ile ya mezani nikasikia mlango unafunguka upande wa pili, na baba akisema, "Umefika leo?"

Walimpeleka hospitali. Alikuwa amepasuka mshipa kichwani, akaanguka akajigonga kwenye kona ya meza. Mwenye duka alikuwa naye mpaka mwisho, na ndiye aliyetupigia jioni kutuambia. Tulimuuliza daktari alisemaje. "Alisema tumechelewa," akajibu. "Ndivyo alivyosema. Angefikishwa mapema, labda." Neno hilo, labda, Kasuku aliliandika kwenye simu yake na kunionyesha, kama vile mimi ndiye niliyelisema.

Tulifika kwa baba watu wameshajaa. Shangazi zao waliamua papo hapo, bila hata kutuuliza, kwamba mzee asiambiwe lolote kuhusu koo la mwanawe siku hiyo, atakufa na yeye. Kwa hiyo kila Kasuku alipomsogelea baba, kulikuwa na mtu wa kusema, "Amelia sana huyu, sauti imekauka." Kasuku alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Alimshika baba mkono, baba akamtikisa, akamwambia jikaze. Alikuwa akifarijiwa na mzee kwa mara ya pili.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Kilichonishinda ni mwenye duka.

Baba alikuwa akisimulia. Kila aliyekuja kutoa mkono wa pole alisimuliwa, na simulizi ilikuwa ile ile. Kwamba binti yake alianguka, kwamba alimpigia mwanawe, kwamba mwanawe akampigia mwenye duka mara moja, na mwenye duka akakaa dukani kwake akipima sukari ya watu. "Nilimuuliza mwanangu mara ngapi? Umempigia? Ndiyo, baba. Umempigia? Ndiyo, baba. Ukuta huu huu mmoja, na hakuja." Watu walikuwa wanatikisa vichwa. Mwenye duka naye alikuwa amekuja msibani, kwa sababu alimpenda wifi na kwa sababu ndiye aliyembeba. Hakuna aliyemsogezea kiti. Alisimama karibu na pipa la maji, simu mkononi, na kila aliyepita karibu alimwonyesha. "Tazama mwenyewe. Simu zilizoingia siku ile ni hizi. Tazama." Watu walikuwa wanaangalia pembeni.

Nilipokwenda kuchota maji akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe unajua ulinipigia wewe. Na mimi nilikimbia."

"Najua," nikasema.

"Basi waambie."

Nilimkuta Kasuku kwenye chumba cha wifi. Amekaa kitandani kwa dada yake, kompyuta mapajani, nguo za kazi za marehemu bado zinaning'inia kwenye msumari. Nikafunga mlango. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa, nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, na nikaishia kumuuliza lile ambalo lilikuwa linanitafuna tangu sebuleni kwetu.

"Kwa nini haikulia?"

Akaandika type kengele. Hiyo ni amri ya kuiuliza terminali jina fulani lina nini ndani yake. Ikajibu kwamba kengele ni fanksheni, ikaonyesha kilichomo. Hakukuwa na skrini nyekundu wala mlio wa hedifoni. Kulikuwa na mstari wa kutuma ujumbe kwa mtu wa zamu, kampuni kule.

Sikuelewa. Akafungua faili anamohifadhi fanksheni zake zote, akapanda juu, akanionyesha kengele ya baba. Akashuka, akashuka tena, akanionyesha kengele ya kazini. Zote mbili jina moja, herufi kwa herufi. Kisha akaandika chini yake: "Ukiita fanksheni mbili jina moja, inayobaki ni ya mwisho. Ya kwanza inafutika. Haikwambii kitu. Haigombi."

Hapo nikaelewa yule mwanamume aliyekuwa anafoka kwenye hedifoni. Kila mara baba alipopiga kelele siku ile, sikiliza ilisikia na kuita kengele kama ilivyofundishwa, na kengele ikatuma ujumbe ofisini kwamba seva inaumwa. Mtu wa zamu akamgombeza Kasuku. Kasuku akazigeukia seva, akazipima moja moja, zote nzima, akachanganyikiwa zaidi, akaongeza sauti ya hedifoni ili amsikie vizuri mtu wa zamu. Mchana ule wote alikuwa anatafuta ni nani anayeigonga ile kengele. Alikuwa baba yake, hatua tatu nyuma ya kiti.

"Niliiandika sahani iko pembeni," akaandika. "Uliniambia chakula kinapoa. Nikaharakisha jina."

Kuna mambo mtu akikuandikia huna pa kuyaweka. Nilivuta ile kompyuta mapajani kwangu, nikaandika unset -f sikiliza, amri ya kuifuta fanksheni kwenye kumbukumbu, nikabonyeza. Dirisha halikusema kitu. Likifanikiwa huwa halisemi. Nikaingia kwenye faili nikaufuta mstari mmoja baada ya mwingine, naye akiniangalia vidole.

"Mzee atakufa akimlaumu mwenye duka," nikasema. "Utamwambia au nimwambie?"

Akajionyesha kifua kwa kidole. Yeye.

Akafungua folda ya sauti, akaanza kuyapitia majina ya mafaili kutoka juu. Nilijua anachotafuta, na nilijua hakipo, maana maneno yale nilimsomea mimi. Tulirekodi shikamoo na umekula. Tulirekodi nipo kazini, nakuja, usiku mwema, hata kicheko. "Nisamehe" hatukurekodi, nani angeifikiria? Na "pole" hatukurekodi. Wiki ile pole zote zilikuwa zinaingia kwetu, hakuna iliyokuwa inatoka. Mimi mwenyewe ninayezimwaga saluni bure kutwa nzima, haikunijia kichwani kwamba siku moja mume wangu angehitaji moja tu.

Alifika mwisho wa folda. Akaifunga kompyuta nusu, akaibeba kwapani, tukaenda.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, redio iko kimya kando ya mto. Nikawaomba shangazi watupishe. Walitoka wakiguna. Kasuku akapiga magoti mbele ya baba yake, akaweka kompyuta kitandani, akavua kitambaa.

"Nani?" akauliza baba.

"Ni mwanao," nikasema.

"Mbona hasemi?"

Kasuku alichukua mkono wa mzee akauweka shingoni kwake. Vidole vile vimezoea kusoma vitu. Vilikwenda kwenye kovu vikalifuata upande hadi upande, vikafika kwenye mrija, vikasimama. Hewa ilikuwa inatoka pale ya moto, ikiingia na kutoka, na mzee aliacha kiganja chake mbele ya tundu kama mtu anayepima kama maji yamechemka. Nilimwona anatafuta kwa mkono wa pili mdomo wa mwanawe, akaupata, akaukuta hautoi pumzi.

"Imekuwa lini?"

"Mwaka jana, baba," nikasema. "Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua." Aliitikia taratibu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na nilijua anayapitia yote, redio, nyonga, kuku, kila alasiri baada ya chai. Kisha akafika kwenye ile siku. Uso ulibadilika.

"Basi nani alikuwa ananijibu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kompyuta. Nilitaka kusema ilikuwa wazo la marehemu, lilikuwa la shangazi, lilikuwa langu, chochote cha kuupunguza mzigo ule. Kasuku aliinua mkono kunizuia bila kunitazama. Akafungua kompyuta, akaandika sema ni_mimi, akabonyeza.

"Ni mimi, baba!"

Ilikuwa sauti ya kabatini, nzima, ya kijana asiye na shida duniani. Na nyuma yake, kwa mbali, kulikuwa na mtu anacheka. Sikuwahi kukisikia kicheko kile hapo awali, au nilikisikia nikakipuuza. Nilikuwa mimi, nimekaa kitandani na maneno yangu mkononi.

Baba aliondoa mkono shingoni kwa mwanawe. Aliufuta kwenye goti lake, akaufuta tena, akautuliza pale. Nje watu walikuwa wanaongea chini chini na vikombe vinagongana. Kasuku alibaki magotini.

"Niitieni mwenye duka," baba akasema.

Nikatoka kumwita. Alikuwa bado amesimama pale pale kwenye pipa la maji, simu mkononi.